Vidonda vya Kaunta Yetu

Siku tuliyokabidhiwa funguo za nyumba yetu ya Toongabbie, huku ughaibuni, mume wangu alikwenda moja kwa moja kukagua paa, binti yetu akakimbilia kuchagua chumba, na mimi nikaingia jikoni nikakasirika. Tulikuwa tumepanga Mount Druitt miaka mingi, kwenye nyumba ambazo hata msumari huruhusiwi kupigilia ukutani, na muda wote huo nilikuwa najenga jiko langu kichwani: jeupe, linalong'aa, lenye kaunta ya jiwe kama ya kwenye matangazo. Sasa nimepata nyumba ya kwangu, nakuta jikoni kumebaki vilevile kama kulivyojengwa enzi za bibi zao. Makabati ya kijani kilichofifia, vishikio vya chuma, na kaunta ndefu ya njano ya fomaika, lile bamba gumu la plastiki, iliyoanzia kwenye sinki, ikapita chini ya dirisha, ikaishia ubavuni mwa jiko la gesi. Ukingo wa mbele ulikuwa na ukanda wa alumini wenye mistari ya ulalo, na ukanda wenyewe ulikuwa umejaa mapengo na mibonyeo kama sufuria iliyopita kwenye harusi zote za mtaa.

Aliyeipenda kaunta ile tangu siku ya kwanza ni mama mkwe wangu. Mama ni mtu wa Uvira, kule Kongo, alipitia kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kuletwa huku, na tangu nimeolewa na mwanawe tunaishi naye. Mimi ni wa Tanga, kwa hiyo hanipi nafasi ya kupumua kuhusu Kiswahili changu, ati nazungumza kama redio, na mimi humrudishia kwamba chake kimesahau ngeli njiani wakati anavuka ziwa. Siku hiyo alipitisha mkono juu ya ule ukanda kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama mtu anayepapasa kitenge sokoni kujua kama kitachuja.

"Hii iko muzuri," akasema. "Hii ilitumikaka kweli."

Nilidhani ananifariji tu.

Habari za yale mapengo tulizipata kwa jirani, mzee aliyezaliwa mtaa uleule na asiyeona uzio kuwa kizuizi cha maongezi. Alituambia bibi aliyekuwa na nyumba aliingia humo akiwa bibi harusi na akatoka akipelekwa kwenye makao ya wazee. Mumewe alikuwa na tabia ya kufungulia chupa za bia kwenye ukingo wa kaunta, na alikuwa na vituo vyake: kituo kimoja karibu na jiko, akisubiri nyama iive, na kingine karibu na sinki, akisingizia kuosha vyombo. Katikati kulikuwa na mbonyeo mkubwa kuliko yote, huo ulisababishwa na bibi mwenyewe siku alipoangusha pasi. Nilicheka, lakini moyoni nikasema haya mapengo yakiondoka nitafanya sherehe.

Hatukubadilisha chochote kwa muda mrefu, na katika muda huo jikoni kukawa kwa Mama. Mimi nafanya kazi kwenye makao ya wazee Rooty Hill, mume wangu yuko kwenye ghala, zamu zetu zinapishana, na kila anayefungua mlango anapokelewa na harufu ya kitu kilichoungwa vizuri. Nitasema wazi kwamba namhusudu yule mama. Nimeona wapishi, na kwetu Tanga hatutanii kwenye chakula, lakini sijaona mtu anayepika kwa utulivu namna ile. Sombe, yaani kisamvu, anaitwanga nyuma ya nyumba, akimaliza anaiingiza ndani, na kutoka hapo mikono yake inajua njia. Bugali, kama wanavyouita wao, haupiki juu ya jiko mpaka mwisho, kwa kuwa anasema jiko la huku limeinuliwa kwa ajili ya watu wanaochemsha mayai. Unga ukishashika, anaitelemsha sufuria kwenye kona ya kaunta juu ya kitambaa kilicholoweshwa, anaikumbatia kwa mkono wa kushoto, anasonga kwa wa kulia huku akiangalia dirishani. Haangalii sufuria wala mwiko. Kabla ya kutua chochote, vidole vyake hupita kwanza kwenye ukingo wa kaunta, mara moja, kwa wepesi, na chombo kinatua pale anapotaka. Niliona ni madaha ya mpishi mzoefu, nikawa nayaiga nikiwa peke yangu.

Kilichotulazimisha kutengeneza ni maji. Yalipenya karibu na sinki, ubao wa chini ukavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na fomaika ikaanza kubanduka. Nikaona Mungu amejibu. Lakini yale mawe ya kutengenezwa niliyoyaota kumbe yalishapigwa marufuku nchi nzima, kwa sababu vumbi lake linaua mapafu ya wanaoyakata, na mume wangu akaanza kuniimbia kwamba makabati bado ni mazima, mbao zake ni ngumu, hakuna anayejenga hivi tena. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na anakijibu chote kwa Kiingereza, akaniambia kuna watu wanazunguka mji mzima kutafuta jiko kama letu. Nikazidiwa kura. Tukakubaliana: ubao ulioharibika utolewe, fomaika mpya ibandikwe ya mtindo uleule wa zamani, na ukanda wa alumini usafishwe urudi mahali pake.

Tulikwenda dukani wote kuchagua. Muuzaji akatutolea vipande vidogo vya fomaika vilivyotobolewa na kufungwa kwenye pete kama funguo za mlinzi. Mimi nilikuwa nimeshapenda kimoja cha rangi ya maziwa kinachong'aa mpaka unaona taa ndani yake. Mama alikichukua, akakipeleka mlangoni penye jua, akakigeuza, akakirudisha. Akaendelea kupapasa vipande kimoja baada ya kingine, akivikwaruza kwa ukucha, akiviweka chini na kuweka juu yake kile kikombe cheupe alichopewa cha chai. Mwishowe akachagua chekundu, chekundu hasa, cha pilipili iliyokomaa, kisicho na mng'ao wowote. Nilimwambia Mama, jiko litakuwa kama bucha. Akasema bucha ni mahali pazuri, watu hawatoki mikono mitupu. Mume wangu akachekea upande wa mama yake, kama alivyofanya siku zote, na chekundu kikashinda.

Nilikuja kukipenda kwa sababu tulikibandika kwa mikono yetu. Fomaika ya zamani tuliipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, tukaiinua taratibu kwa bati bapa. Ubao mpya tuliupiga msasa kwenye banda la gari, gereji yetu, mpaka ukawa laini. Gundi yake ni ileile ya mafundi viatu, ile inayokuumiza kichwa hata mlango ukiwa wazi, na unaipaka pande zote mbili kisha unasubiri mpaka ukigusa haishiki kidole. Hapo ndipo roho inapodunda, maana pande mbili zikikutana zimekutana, hakuna kusogeza. Tukapanga vijiti juu ya ubao, tukalaza fomaika juu ya vijiti, tukavichomoa kimoja kimoja kuanzia katikati, na mimi nikaipitia yote kwa kifimbo changu cha kusukumia chapati nikiisukuma hewa itoke pembeni. Ilipokaa, nyekundu, tulivu, bila hata kiputo kimoja, nilisimama nikaitazama nikajisikia fundi. Wazo la jeupe likanitoka hapohapo.

Ukanda mume wangu aliuchukua peke yake. Watu wa kanisani walikuwa wanakuja Jumamosi kubariki nyumba, na kwa watu wa kwao mgeni akija hakuna chombo kinachobaki na doa. Alikulia ukingoni mwa ziwa, nyumba isiyo na mtoto wa kike, na Mama alimfundisha yeye kusugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka aone meno yake ndani. Kazi isiyofika hapo ilirudiwa. Basi alijifungia gereji na ukanda ule. Alizing'oa skrubu, akautoa uchafu wa miaka kwenye mistari kwa mswaki, akaulaza juu ya gogo na kugonga mbonyeo mmoja mmoja kutokea upande wa nyuma kwa nyundo ya mpira. Mapengo aliyapiga tupa mpaka yakalainika. Kisha akasugua, kwa stilwuli ya kusugulia masufuria, kwa msasa mwororo, kwa dawa ya kung'arishia magari. Alipourudisha na kuufunga, uling'aa kuzunguka ile nyekundu kama pindo la shela. Mimi nilimsifu kwa sauti. Alimwita Mama aje aguse, na Mama akapitisha mkono kutoka mwanzo hadi mwisho kama ile siku ya kwanza, akafika mwisho akarudi tena mwanzo.

"Umeisugua yote," akasema.

"Yote, Mama. Kama ulinifundishaka."

Mama akamwambia asante, akaenda kukaa.

Jumamosi sebule ilijaa. Nyimbo zilikuwa zimeanza, mimi nilikuwa nagawa vikombe, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona kila kitu. Mama aliitoa sufuria ya sombe kwenye moto kwa vitambaa viwili, akageuka kwenye kona ya kaunta, akaishikilia sufuria kwa mkono mmoja na mwingine ukapita kwenye ukingo. Ukapita mbele, ukarudi nyuma. Akasita. Sikuwahi kumwona akisita jikoni. Kisha akaitua sufuria, nusu yake juu ya kaunta na nusu juu ya hewa.

Haikumuunguza, Mungu mkubwa, ilimrukia viatu tu. Sombe yote ilikuwa sakafuni na akina mama wa kanisa wakakimbilia na matambara. Mama alicheka, akasema uzee umefika na haukupiga hodi. Lakini alikuwa anatazama upande, siyo pale sombe ilipomwagika, na miguu yake ilikuwa haithubutu kusogea. Mimi kazi yangu ni wazee. Nilimshika mkono nikamwongoza mpaka kwenye kiti, na kwenye uzito wa mkono wake nikajua kwamba mama yangu haoni.

Daktari wa macho alituambia ni presha ya macho, na ya muda mrefu. Pembeni kote kulikuwa kumeshazimika, amebakiwa na kitundu kidogo cha katikati, na hata hicho kina ukungu. Matone yangesaidia kisizibe haraka. Hakuahidi zaidi ya hapo. Ndipo nilipokielewa kile chekundu na kikombe cheupe juu yake. Kazini tunawawekea wazee wenye macho hafifu sahani nyekundu ili chakula kionekane, nimezibeba sahani hizo mara ngapi sijui, na bado dukani nilizungumza habari za bucha.

Basi mapenzi yakaanza kumwangukia Mama kama mvua ya mawe. Akina mama wa kanisa walipanga zamu za kuleta chakula, kwa kuwa huo ndio utu wetu, mtu akiugua jiko lake linabebwa na wengine. Wakija wanamkalisha kwenye kochi, wanamfunika miguu, wanamwambia amepika vya kutosha maisha yake yote, sasa zamu yake ya kuhudumiwa. Mume wangu akang'oa vifundo vya kuwashia jiko, akawa anavificha mfukoni akienda kazini, kwa hofu. Siwezi kumlaumu mtu. Kila mmoja alikuwa anampenda. Lakini nilijua kinachofuata, kwa maana nakiona Rooty Hill kila siku: mtu anaondolewa kitu kimoja kwa usalama wake, kisha kingine, mpaka anabaki na kiti na dirisha. Mama aliacha kunitania. Nilijitahidi, nikaharibu sentensi makusudi ili anicheke, akaitikia tu. Chakula cha watu alikuwa anakishukuru na kukiacha. Jioni moja nilimuuliza kama anaumwa mahali.

"Hapana, mukwe wangu," akasema. "Sasa mimi miko mugeni, njo vile tu. Mugeni anakulaka kidogo."

Niliingia bafuni nikalia huko.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kazini nikamkuta amesimama jikoni, kanga kiunoni, mikono yote miwili kwenye ukanda wa alumini. Alikuwa anatoka kwenye sinki anakwenda kwenye jiko, anarudi, anatoka tena. Hakunisikia. Nilipomwita alishtuka, kisha akaniuliza swali ambalo bila shaka lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ile.

"Vidonda yangu mulipeleka wapi?"

Nikamuuliza vidonda gani, na Mama, kwa mara ya kwanza tangu sombe imwagike, akafungua mdomo na kueleza mpaka mwisho. Pengo la kwanza kutoka kwenye jiko, lile lenye meno mawili, lilikuwa linamwambia moto uko hapa, usisogeze mkono. Kiganja kimoja baada yake ndipo anaweka kitambaa na sufuria ya bugali. Mbonyeo mkubwa wa katikati ulikuwa wa ubao wa kukatia, kisu kinalala kulia kwake siku zote. Na yale mapengo madogo madogo ya upande wa sinki, akiyagusa anajua mkono mwingine ukinyooshwa utakuta bomba. Alikuwa amevisoma vyote tangu mwaka tuliohamia, macho yalipoanza kumtoka kidogo kidogo, na hakumwambia mtu kwa sababu alijua tutafanya nini tukijua. Na kweli tumefanya hivyohivyo.

Nilimtazama yule mama mfupi, na kila chakula nilichokula nyumbani kwangu kikanirudia mdomoni. Alikuwa anapikia kaya nzima gizani, kwa vidole, juu ya alama zilizoachwa na mlevi wa bia na pasi iliyoanguka, na hajawahi kutupikia bugali mbichi. Nilimshika mikono nikaibusu, jambo ambalo kwetu hatulifanyi sana, akaniuliza kama nimepata wazimu.

Mume wangu aliporudi nilimsimulia mlangoni, kabla hajavua viatu. Alisikiliza. Akatazama jikoni, kwenye ule mng'ao wake, na nikaona uso wake unabadilika. Alitoka akaenda gereji, akakaa huko kiasi cha kunitia wasiwasi, akarudi ameshika nyundo ya chuma, patasi na tupa.

"Mama," akasema, "kuja unionyeshe."

Mama akaja. Akaanza upande wa jiko. Alinyoosha mkono mpaka akagusa ubavu wa jiko, akaurudisha kidogo, akaweka kidole kwenye ukanda. "Apa," akasema. Mume wangu akaweka patasi pembeni ya kidole cha mama yake, naye akakiondoa. Nikamwona anasita kwa ajili ya ile kazi yake, maana kweli ilikuwa nzuri, jirani alikuwa amekuja mara mbili kuitazama. Akagonga, kwa upole, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya wenyewe. Alumini ikaingia ndani kidogo sana. Mama akaigusa, akatikisa kichwa. Akagonga tena. Akaigusa tena.

"Piga na nguvu, mwana yangu," akasema Mama. "Hii haiko ya leo. Leo mimi mingali naona kidogo."

Hapo nilisikia pumzi ya mume wangu ikikatika. Alisimama ameinamisha kichwa, nyundo mkononi, na Mama akamsubiri, hakumharakisha, akampapasa mgongo kama anavyompapasa binti yetu akiwa na homa. Kisha mume wangu akapiga. Alipiga kweli, mpaka vikombe vikalia kabatini. Wakaenda hivyo ukingo mzima, yeye na mama yake, kidole kinatangulia na nyundo inafuata, jino la pili karibu na jiko, bonde la katikati, mapengo madogo ya kwenye sinki. Nami nilikuwa nyuma yao na tupa, nalainisha ncha zisije zikamkata. Ule ukanda uliokuwa unang'aa ukawa kituko. Nimeuona ukiwa mzee na nimeuona ukiwa mpya, na sijawahi kuuona mzuri kama jioni ile.

Walipomaliza, Mama alipita peke yake kutoka sinki hadi jiko, kisha kutoka jiko hadi sinki, midomo ikitikisika bila sauti. Akasimama kwenye kona yake. Akanyoosha kiganja kuelekea kwa mwanawe, wazi, na kukiacha hapo.

Mume wangu alielewa kabla yangu. Aliingiza mkono mfukoni, akavitoa vile vifundo vya jiko, akamwekea kimoja kimoja. Mama akavirudisha mahali pake kwa kupapasa, akawasha moto, na bila kugeuka akaniuliza kama sisi watu wa Tanga leo tunakula bugali ama tunasubiri tusomewe habari kwanza.